Chikichi Haingoji: Mkamuaji wa Ujiji Anunua Matunda kwa Jicho

Akipita mtu asubuhi na mapema katika viunga vya Ujiji, au akipanda njia ya Mwandiga kuelekea vijiji vilivyo juu ya vilima, aghalabu hukutana na baiskeli zilizolemewa na mikungu ya chikichi, miiba ikitokeza nje ya kamba na mwenye kuisukuma akitweta; na mwisho wa safari ya baiskeli hizo si kiwanda chenye dohani wala ghala la kampuni, bali ni ua wa nyumba ya mtu, penye pipa juu ya mafiga, kinu, na mashine ya kukamulia izungushwayo kwa mikono.

Hapo ndipo biashara hufanyika. Mwenye mikungu huishusha na kuipanga fungu. Mwenye ua, ambaye mara nyingi ni mwanamke aliyekopa katika kikundi chake cha kuweka na kukopa, hulizunguka fungu lile, huinua mkungu mmoja akaukadiria kwa mkono, huchomoa punje akaitoboa kwa ukucha aone unene wa nyama yake, kisha hutaja bei. Mwenziwe hutaja yake. Hubishana, husikilizana, fedha hutoka, na muamala umekwisha. Katika yote hayo hakuna mizani.

Makala haya yanahusu kitu hicho kimoja kisichokuwapo. Mengi yamesemwa, na kwa haki, juu ya miche bora na mashine mpya za mawese mkoani Kigoma. Walakini yule anunuaye matunda kwa wingi ili akayakamue uani kwake, ambaye ndiye aliyelibeba zao hili tangu enzi za mababu, bado hununua kwa jicho, na jicho, hata likiwa la mzoefu, haliyaoni mafuta yaliyomo ndani ya mkungu.

Tunda lenye saa yake

Chikichi si mahindi, ambayo mnunuzi aweza kuyatia ghalani akangoja bei ipande. Ndani ya nyama ya tunda hili mna kimeng'enya kiitwacho lipasi, ambacho hutulia maadamu tunda ni zima, na huanza kazi mara tu ngozi yake ichubukapo. Kazi yenyewe ni kuyavunja mafuta na kuyageuza kuwa asidi, nayo huenda mbio katika saa za mwanzo baada ya mkungu kukatwa, kuangushwa, kutupwa juu ya baiskeli na kutupwa tena chini. Ndiyo maana wataalamu hushauri chikichi ichemshwe kabla ya kutimia siku moja tangu kukatwa, kwani moto hukiua kimeng'enya hicho, na baada ya hapo mkamuaji anaweza kuendelea na kazi yake bila haraka kubwa.

Katika tijara ya dunia mawese ghafi huhesabiwa kuwa mazuri iwapo asidi huru iliyomo haizidi asilimia 5. Mama wa uani hana maabara, lakini pua yake na ulimi wake vinajua: mawese yaliyotokana na chikichi iliyolala mno hunuka ukali na kukwaruza koo, na mchuuzi sokoni huyatenga upande wa sabuni, kwa bei ya upande wa sabuni.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalioni upesi. Chikichi iliyokatwa leo imeshikamana na mkungu kwa nguvu, na asiye na mashine ya kuipukutisha hupata taabu kubwa kuitoa. Kwa hiyo desturi ya nyumbani ni kuipasua mikungu kwa shoka, kuirundika, kuifunika kwa majani au magunia, na kuiacha siku kadhaa mpaka punje zilegee zenyewe. Desturi hiyo huipunguzia mikono kazi, na wakati huo huo huyaharibu mafuta. Siwalaumu wanaoifuata, maana mwenye shoka moja na watoto wawili wa kumsaidia hana njia nyingine. Ninalosema ni kwamba mnunuzi aliyeuziwa mikungu iliyokwisha kulala siku mbili shambani, naye akailaza siku tatu nyingine uani, amelipa bei ya mafuta ya kupikia ili apate mafuta ya sabuni, na hakupewa habari yoyote ya kumwezesha kulijua hilo kabla fedha hazijamtoka.

> *Amelipa bei ya mafuta ya kupikia ili apate mafuta ya sabuni.*

Mti wa kale, mbegu mpya

Asili ya mchikichi ni Afrika ya Magharibi, lakini umekuwapo kandokando ya Ziwa Tanganyika kwa muda mrefu. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, miaka kumi na mitatu kabla ya Stanley kumkuta Livingstone mahali hapo hapo, na Burton hakukosa kuuandika mti huu na mafuta yake miongoni mwa mazao ya nchi. Mawese, kwa hivyo, hayakuletwa Ujiji na mradi wowote. Yaliikuta miradi.

Masimulizi yanayopendwa mno Kigoma ni kwamba Wamalaysia walikuja hapa, wakachukua mbegu, wakaenda kutajirika nazo. Husimuliwa barazani na hurudiwa majukwaani. Historia ya zao hilo huko Mashariki ya Mbali, hata hivyo, huanzia katika miche minne iliyopandwa kwenye bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na shamba la kwanza la biashara katika Malaya lilianzishwa mwaka 1917. Hatukuibiwa. Kama tuna haki ya kuona uchungu, basi uchungu huo utokane na jambo jingine, nalo ni kwamba elimu iliyowatajirisha wenzetu ilipatikana kwa jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa: mwaka 1941 watafiti wawili wa Kibelgiji, Beirnaert na Vanderweyen, waliokuwa kituo cha Yangambi nchini Kongo, walibainisha kwamba mchikichi wa dura, ambao kokwa yake ina gamba nene na nyama yake ni nyembamba, ukichanganywa na ule wa pisifera, usio na gamba, huzaliwa tenera, yenye gamba jembamba na nyama nene iliyojaa mafuta. Asia iliipokea elimu hiyo ikaijengea mashamba, ilhali mashamba mengi ya Kigoma yamebaki na dura hata katika zama zetu hizi.

Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua mkoani Kigoma kampeni ya kulifufua zao hili, na kituo cha Kihinga, kilicho chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kikapewa jukumu la kuzalisha mbegu na miche ya tenera. Sababu ilikuwa bayana. Takwimu za serikali za wakati ule zilionyesha kwamba nchi inahitaji tani zipatazo 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, nayo huzalisha tani 205,000 tu. Zilizobaki hununuliwa nje kwa fedha za kigeni, ingawa tunao mkoa mzima ambao ardhi yake na mvua yake vimekwisha kuukubali mti huu.

Hesabu ya fungu

Na tuifanye hesabu ambayo mama wa uani angeifanya lau angekuwa na mizani.

Debe la lita 20 la mawese lina uzito wa kilo 18 hivi. Tuseme amenunua mikungu ya dura, na kwa kinu chake na mashine ya mkono apata kilo 12 za mafuta katika kila kilo 100 za mikungu: atahitaji kilo 150 kulijaza debe. Akipata kilo 10 tu, kwa kuwa mikungu ilikatwa haijaiva, atahitaji kilo 180. Mwenziwe aliyebahatika kupata tenera nzuri na mashine yenye nguvu, akatoa kilo 20 katika kila kilo 100, atalijaza debe lile lile kwa kilo 90. Yaani katika mafungu mawili ya kilo 180, yaliyoshushwa katika ua mmoja siku moja, moja huweza kutoa debe moja na la pili likatoa madebe mawili.

Hesabu hii yatuonya kwamba uzito peke yake hautoshi. Kuna aina ya mti, kuna kuiva, na kuna saa. Mafuta hujaa katika nyama ya tunda katika majuma ya mwisho kabla ya kuiva, na alama ya kuiva aijuayo kila mkulima ni punje zilizoanguka zenyewe chini ya mti. Mwenye haraka ya fedha, au mwenye hofu ya wezi, hukata kabla punje hazijaanguka, na mkungu wake huwa mzito mkononi na mkavu katika mashine. Fauka ya hayo, mkungu si tunda tupu: sehemu kubwa ya uzito wake, theluthi moja au zaidi, ni bua na miiba, na vitu hivyo havikamuliki. Anayenunua punje zilizokwisha kupukutishwa huepukana na bua, bali huingia katika hatari nyingine, kwani punje iliyokwisha kutengana na mkungu haimwambii ilitengana nao lini.

Bila mizani, lakini, hata mazungumzo ya aina na kuiva na saa hayana pa kuanzia. Muuzaji mwenye tenera hana njia ya kudai ziada yake. Mnunuzi aliyepunjwa hana njia ya kuthibitisha. Wote wawili hubaki na neno la mdomo, na mwenye dhiki zaidi siku hiyo ndiye ashindwaye.

> *Bila mizani, hata mazungumzo ya aina na kuiva na saa hayana pa kuanzia.*

Fedha kabla ya mkungu

Si kila mnunuzi hungoja baiskeli. Wapo wakodio miti: humpa mwenye shamba fedha taslimu, na mavuno ya msimu huwa yao, yawe mengi au haba. Wapo pia watoao fedha mapema ili walipwe mawese baadaye, na fedha hizo hutoka katika miezi ya ada za shule na ya ugonjwa, pale ambapo mkulima hana la kusema ila kukubali.

Ujiji ni mji wa Waislamu tangu zama za misafara, na kwa hiyo si jambo geni kukumbusha hapa kwamba wanazuoni wa fiqhi walikwisha kulichambua suala hili karne nyingi zilizopita. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alipohamia Madina aliwakuta watu wakitoa fedha kwa ajili ya tende za mwaka ujao na hata wa pili. Hakuwazuia, bali aliwashurutisha kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane, na biashara hiyo ndiyo ijulikanayo katika vitabu kwa jina la salam. Kadhalika alikataza matunda ya mtini yasiuzwe kabla uzima wake haujadhihirika, kwa sababu mmoja wa wawili hao, muuzaji au mnunuzi, atakuja kula mali ya mwenziwe pasipo badala.

Mimi si mwenye kutoa fatwa, na sura za ukodishaji ni nyingi. Lakini hata asiyekuwa Mwislamu ataona insafu iliyomo katika masharti yale matatu: fedha itangulie ikiwa ni lazima itangulie, bali kilo zitajwe na tarehe itajwe. Mkulima aliyepokea fedha kwa ahadi ya kilo mia tano anajua siku ambayo deni lake limekwisha. Aliyekodisha miti hajui ametoa kiasi gani, na mwaka wa neema kwake huwa mwaka wa majuto.

Reli moja, zabibu na chikichi

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, ikafika Kigoma mwaka 1914, na katika njia hiyo moja nchi yetu ina matunda mawili yasiyongoja: zabibu kule, chikichi huku. Zabibu ya mvinyo ilipandwa Bihawana, nje kidogo ya Dodoma, na wamisionari wa Kiitalia mwaka 1957, ikaenea kwa wakulima wadogo, na kwa kuwa ukame wa Ugogo na ustadi wa kupogoa huuwezesha mzabibu kuzaa mara mbili kwa mwaka, wakulima wale huikabili mara mbili dhiki ambayo wenzao wa Ulaya huikabili mara moja: mavuno yote kuiva kwa pamoja, wanunuzi wakubwa wakiwa wachache, na tunda likiharibika kwa siku.

Ndiyo maana huko Dodoma wamezuka watengenezaji wa mvinyo wa nyumbani, wanunuao zabibu kwa kreti ili wazisindike wenyewe, na ndiyo maana husikika habari za mchuzi wa zabibu, yaani zabibu zilizokwisha kusindikwa na kuuzwa kwa wingi, kwa sababu tunda lililokamuliwa huweza kungoja na lisilokamuliwa haliwezi. Mtengenezaji wa namna hiyo aliyenunua kilo 100 za zabibu hutarajia lita 65 hivi za mvinyo, na kabla hajalipa hutaka kujua mambo mawili, uzito na utamu. Uzito kwa mizani, utamu kwa kijichombo kidogo kiitwacho refraktometa, ambacho kwa tone moja la maji ya zabibu huonyesha sukari iliyomo. Zabibu iliyovunwa mapema kwa hofu ya mvua au ya wezi hujulikana papo hapo, na mvinyo wake utakuwa dhaifu, chachu zaidi ya kulevya.

Siuleti mfano huu ili kuwashawishi watu wa Ujiji kuhusu mvinyo, ambao wengi wao dini yao imewaharamishia, wala si kumshauri Mkristo wa Kigoma asafirishe zabibu mbichi kilomita 800 za reli, kwani zingefika zimekwisha kuchacha zenyewe njiani. Nauleta kwa sababu ya adabu ya manunuzi iliyomo: yule anunuaye tunda kwa ajili ya kile kilicho ndani yake hana budi kupima kile kilicho ndani yake. Wakulima wa Dodoma nao wana malalamiko mengi ya bei, na malalamiko yao ni ya kweli. Lakini hulalamika juu ya shilingi kwa kilo, na kilo ile hawaibishanii.

Hoja za kila upande

Ukiwauliza wakulima, si wote waipendao mizani. Wanasema, na wana haki ya kusema, kwamba wameiona mizani ya walanguzi wa mazao mengine ikichezewa, na kwamba afadhali fungu alionalo mtu kwa macho yake kuliko sindano inayoendeshwa na mwenye fedha. Wapo pia wahofiao kwamba mara kilo itakapokubalika, wakubwa watakaa wapange bei ya kilo moja kwa mkoa mzima, na wao wapoteze ule uhuru mdogo wa kubishana uani.

Mkamuaji naye ana shaka yake. Bei ya debe lake haiamui yeye: yaamuliwa na mchuuzi apelekaye mawese Tabora, Mwanza na Dar es Salaam, na yayumbishwa na mawese yavukayo kutoka Rumonge nchini Burundi na kutoka pwani ya Kongo. Akilazimika kununua kwa kilo na kuuza kwa debe la kukadiria, hatari yote itakuwa imemwangukia yeye. Hoja hii ni nzito, na jibu lake ni kwamba mizani isiishie mlangoni pa mkulima. Dumu la mawese nalo lipimwe, na mchuuzi naye asimame mbele ya sindano ile ile.

Serikali na wafadhili, kwa upande wao, wamependelea mashine, na mashine ni kitu cha heri. Lakini mashine yenye nguvu iliyotiwa chikichi iliyolala siku tano hutoa kwa wingi mafuta yaliyoharibika. Mizani ya kuning'iniza ni kitu cha gharama ndogo sana ikilinganishwa na mashine ya kukamulia, na kikundi kimoja cha wakamuaji chaweza kuinunua kwa michango yao. Kinachohitajika kutoka serikalini ni Wakala wa Vipimo kuzikagua na kuzitia alama kwa wakati, vijijini na siyo mjini tu, ili hofu ya mkulima juu ya sindano iliyochezewa ipatiwe dawa. Tumekwisha kuona katika vita dhidi ya lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo, kwamba marufuku peke yake haitoshi pale mnunuzi alipo na nguvu kuliko muuzaji. Katika ua wa Ujiji hali ni nyingine: wanaokabiliana ni watu wawili wanaofanana kwa umaskini, wanaojuana kwa majina na kwa ndoa, ambao kesho watakutana tena. Sijui soko jingine ambalo mizani ya haki ingepata makaribisho mepesi kuliko hapo.

Na saa je? Ipimwe kwa karatasi. Mkungu uje na kipande kilichoandikwa siku ulipokatwa, na bei ya chikichi ya jana iwe tofauti na ya juzi. Najua litapingwa, litasemwa kuwa ni usumbufu kwa watu wasio na kalamu. Lakini samaki wa ziwa hili hili huuzwa kila asubuhi katika mwalo wa Kibirizi kwa bei ishukayo kadiri jua linavyopanda, na hakuna mvuvi aonaye ajabu.

Limebaki suala la mise, yaani kokwa za chikichi, ambalo watu hulisahau kwa kuwa huja baada ya mawese kwisha kuchujwa. Kokwa zile zilizobaki katika makapi hukaushwa juani, zikabanguliwa moja moja kwa jiwe, kazi ya wanawake na ya bibi wasioweza tena kuzungusha mashine. Kiini chake kina mafuta karibu nusu ya uzito wake, nayo ni mafuta ya namna ya nazi, yatoayo povu jingi katika sabuni ya mche. Mkamuaji anayetumia mashine ya mtu mwingine aghalabu hulipia ukamuaji na kuondoka na mawese yake, na hatima ya mise hutegemea makubaliano ambayo mara nyingi hayakutamkwa. Zikipimwa nazo, kwa kilo, kabla makapi hayajatoka uani, itajulikana ni za nani.